Upasuaji wa Kujitolea na Watoto wa Mwambao wa Tanganyika

Kumbukumbu ya upasuaji wa kujitolea, ikitazamwa kutoka Kabimba, mji wa kiwanda cha saruji ulio kando ya Ziwa Tanganyika kusini mwa Kalemie, ni kumbukumbu ya kungoja, kwani mtoto anayezaliwa na mdomo wa sungura, yaani mpasuko wa mdomo wa juu ambao haukuungana katika majuma ya mwanzo ya mimba, kwa kawaida hutibiwa na bingwa atokaye mbali.

Katika Afrika Mashariki mtindo huo wa bingwa msafiri ulipata mbawa mwaka 1957, pale Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote mabingwa wa kurekebisha maumbile, walipoanzisha shirika la madaktari warukao ambalo leo ni Amref. Mwaka 1982 William na Kathleen Magee walikwenda Ufilipino na kuona watoto wengi wakirudishwa bila kutibiwa, wakaunda shirika la Operation Smile. Hesabu iliyotukuzwa wakati huo ilikuwa idadi ya walioshonwa, hesabu tamu kwa mfadhili, lakini isiyosema lolote kuhusu juma lililofuata.

Kushona mdomo si kazi ndefu. Hatari kubwa imo katika nusukaputi, dawa ya kumlaza mgonjwa asihisi, kwa sababu njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na oksijeni yake hushuka upesi. Ndiyo maana wapasuaji walizoea kanuni ya kumi: umri wa majuma 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na gramu 10 za hemoglobini, protini ibebayo oksijeni, katika kila desilita ya damu. Penye malaria, na kwa mtoto asiyeweza kunyonya vizuri kwa sababu kaakaa nalo limepasuka, masharti mawili ya mwisho ni magumu, hivyo timu salama hulazimika kumkataa yule yule anayehitaji zaidi, na mama huambiwa amlishe kisha arudi. Arudi kwa nani, ikiwa timu imekwisha kuondoka?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Katika majaribio yake kwenye hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na anayedhani kuwa orodha hiyo ni ya maskini akumbuke kwamba London na Seattle zilishiriki pia.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea Mbale, Uganda, ambako Benjamin Warf alitibu kichwa maji, yaani maji yanayojaa ndani ya ubongo, kwa kuyafungulia njia mpya badala ya kutegemea mrija pekee, kwa kuwa mrija huziba na mtoto wa kijijini anaweza kufa kabla ya kufika kwa bingwa. Kazi hiyo iliendelezwa na Waganda, akiwemo John Mugamba. Kwa kipimo hicho, cha kinachompata mtoto akiwa mbali na bingwa, msafara wa upasuaji unaokwenda Kalemie unapaswa kupangwa kuanzia usiku baada ya wageni kuondoka: nani atazuia damu ya kaakaa, kwa vifaa gani, na familia ya Kabimba italala wapi hadi kidonda kikaguliwe.