Kina Nilichokiandika

Niliandika mita 1, na keke ya kutobolea udongo ilikuwa imeishia sentimita 40. Sikuandika hivyo kwa shimo moja. Niliandika hivyo kwa mistari mizima ya sampuli, kwenye mbuga ya mfinyanzi mweusi iliyo chini ya vilima vya Geita, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni za utafiti zilipokuwa zikigombania kila kipande cha ardhi Kanda ya Ziwa. Hakuna aliyenilazimisha. Kampuni iliyoniajiri siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na sikuwahi kuwaambia.

Uzito wa uongo huo haueleweki mpaka mtu ajue dhahabu ya Geita imekaaje. Miamba ya huko ni ya kale mno, imepita miaka bilioni 2.6. Katikati yake kuna mwamba wa chuma wenye milia: mstari mweusi wa magnetiti, mstari wa jiwe gumu la jamii ya gumegume, kisha mweusi tena, hivyo hivyo. Ndio mwamba unaovisimamisha vilima vile, maana mvua haiuwezi. Ardhi ilipojikunja na kupasuka, maji ya moto kutoka chini yalipanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu pamoja na salfa. Yalipoukuta mwamba wa chuma, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma, ikawa pairaiti, na dhahabu iliyokosa wa kuibeba ikatua palepale. Kwa hiyo mtafutaji mzoefu akipasua jiwe la milia hahangaiki kwanza kuitafuta dhahabu yenyewe, ambayo mara nyingi haionekani kwa macho. Anatafuta mahali ambapo weusi wa magnetiti umekatika na pairaiti ya manjano iliyopauka imeingia, au kutu nyekundu pale ambapo maji ya mvua yamekwisha kuifikia hiyo pairaiti.

Juu ya vilima kazi ni nyepesi. Udongo umezaliwa na mwamba ulio chini yake, kwa hiyo ukichota kidogo, ukachekecha na kupeleka maabara, udongo unakusimulia kilicho chini. Mbugani mambo ni mengine. Ule mfinyanzi mweusi umeletwa na maji kutoka kwingine na kutandazwa juu ya mwamba kama mfuniko juu ya sufuria. Pengine una unene wa mita chache, pengine makumi ya mita. Ukiupima, umeupima mfuniko.

Maelekezo tuliyopewa yalilijua hilo, na yalikuwa wazi. Mbugani tushushe keke ya mkono, tuunge mabomba ya nyongeza, mpaka tuufikie mwamba uliooza. Tukishindwa, tuandike kwamba hatukufika, tuiache nafasi ya sampuli wazi, na mashine ya kuchoronga ingekuja baadaye kutoboa sehemu hizo. Daftari la porini lilikuwa na safu ya kina na safu ya aina ya udongo: wa hapohapo, au wa kuletwa na maji. Basi. Kazi yangu kama mjiolojia kijana ilikuwa kujaza safu hizo mbili kwa ukweli.

Mvua zilikuwa zimeanza. Aliyewahi kutembea kwenye mbuga iliyolowa anajua: kila hatua unanyanyua kilo za tope kwenye buti, na gari likizama linazama kweli. Keke ilikuwa ikiingia kidogo, mfinyanzi unaikaba, vijana wanne wanaining'inia kuitoa. Kila jioni kambi kuu iliuliza kwa redio ni mistari mingapi imekamilika. Kulikuwa na mwenzangu upande wa vilimani aliyekuwa akimaliza mistari yake upesi, naye alisifiwa redioni mbele ya wote. Sikuwa na njaa wala mgonjwa nyumbani. Nilitaka jina langu nalo lisikike kwenye redio ile.

Kijana mmoja wa vibarua, mwenyeji wa kijiji cha jirani, ndiye aliyekuwa akishika keke. Aliipangusa kwa kidole gumba, akanionyesha.

"Bosi, huu bado ni mfinyanzi. Tuunge bomba?"

"Acha. Weka kwenye mfuko."

Alisita. Aliujaza mfuko wa kaki, nikaandika namba juu yake. Kwenye safu ya kina nikaandika 1.0. Kwenye safu ya udongo, mahali palipohitaji neno moja tu la kweli, nikaandika: wa hapohapo. Yeye alikuwa kando yangu, na kusoma alijua.

Nataka nilifafanue hili, kwa kuwa wenzangu wa taaluma watasema mita 1 nayo isingetosha. Ni kweli, isingetosha. Uongo mkubwa haukuwa ule wa sentimita 60. Ulikuwa kwenye safu ya pili. Kama ningeandika kwamba udongo ule uliletwa na maji, mtu wa ofisini angeona mara moja kwamba majibu ya sifuri ya eneo lile hayana maana, na mashine ingekuja. Nilipoandika "wa hapohapo", niliigeuza "hatujapima" ikawa "hakuna".

Na nilikuwa na sababu zote za kujua. Ramani ya sumaku iliyopimwa kwa ndege nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa mezani kwetu. Mkanda wa mwamba wa chuma ulionekana ukishuka kutoka vilimani na kupita chini ya mbuga ileile. Historia nilikuwa nimeisoma pia. Wajerumani waliiona dhahabu Geita mwaka 1898. Mgodi wa enzi ya Waingereza ulichimbwa chini kwa chini, ukatoa karibu wakia milioni 1, ukafungwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi watu wakaihesabu Geita kuwa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Watafiti wa miaka ya 1990 waliipata amana ya Nyankanga, si mbali na mashimo ya zamani, ikiwa na mamilioni ya wakia, na baadaye, mwaka 2000, mgodi mkubwa wa wazi ukafunguliwa. Hata Bulyanhulu, upande wa Kahama, walioigundua dhahabu yake katika miaka ya 1970 walikuwa wachimbaji wadogo. Eneo zima linafundisha jambo moja, kwamba ardhi iliyoandikwa haina kitu mara nyingi ni ardhi ambayo hakuna aliyeitazama vizuri. Nililijua somo hilo, na bado nikaandika.

Majibu ya maabara yalirudi kama yalivyopaswa kurudi: chini ya kiwango ambacho mitambo inaweza kukisoma, mstari baada ya mstari. Kwenye ramani eneo langu likawa jeupe. Chini ya Sheria ya Madini ya 1998, iliyotumika wakati huo, mwenye leseni ya utafiti alipoihuisha aliachia nusu ya eneo, na kwa kawaida aliachia lile lisilo na matumaini. Mbuga yangu ikaachiwa. Kambi ikahamishwa, vibarua wa kijijini wakalipwa ujira wa mwisho wakarudi mashambani. Mimi nikapandishwa daraja.

Miaka ilipita. Mkulima mmoja kando ya mbuga ile alichimba kisima cha kunyweshea ng'ombe. Chini ya mfinyanzi mweusi akakuta kifusi cha mawe meupe ya kwatzi yenye kutu. Aliyatwanga, akayakosha kwenye karai, na dhahabu ikabaki. Habari ya namna hiyo Kanda ya Ziwa haisubiri kesho. Nilipofika kutazama tayari palikuwa na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, karasha za kusagia mawe zinanguruma, na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yamerundikwa mpaka kwenye uzio wa shule. Maduara yalishushwa kupita kwenye mfinyanzi mbichi, matimba ya kuegemeza kuta yakiwa ni miti iliyokatwa asubuhi hiyohiyo. Mfinyanzi wa mbuga hujaa maji ukavimba, na miti haiuzuii. Nilisimama ukingoni nikijua kwamba unene wa udongo ule, kitu ambacho kingeweza kumwonya mtu kabla hajashuka, ndicho nilichotakiwa kukiandika.

Lakini kilichonifikisha kwenye maungamo haya si dhahabu ile. Ni yule kijana wa keke. Nilimkuta baadaye katika kambi ya kampuni nyingine, sasa ni msimamizi wa kikosi cha sampuli, anaheshimiwa, vijana wanamwita kaka. Alinikaribisha kwa furaha ya kweli. Tulikuwa tukitembea kwenye mstari pamoja pale keke ya kijana wake ilipokwama, naye bila kunitazama akamwambia, "Andika mita moja, twende." Aliposema hivyo hakuwa na hila yoyote. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na mwalimu nilikuwa mimi.

Jioni ile nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini sikumwambia siku ileile, maana alikuwa ameniuliza. Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka leo.

Nimeiandikia ofisi inayotunza taarifa za utafiti wa eneo lile, nikitaja mistari kwa namba zake, kwamba kina na aina ya udongo kwenye sehemu za mbuga ni vya uongo na mwandishi wake ni mimi. Aliye na nakala ya ramani za miaka ile afute weupe wa mbugani na aandike "haijapimwa". Na kwa mjiolojia kijana ambaye leo yuko porini, daftari limelowa na redio inamwita: keke ikiishia sentimita 40, andika 40.