Huzuni Nayo Ina Msimu Wake

Kila mwezi wa tisa ukiingia, simu yangu hujaa video za supu ya peasi. Wasichana wa Shanghai, Wachina wa Marekani, hata Wazungu wasiojua neno moja la Kichina, wote wanachemsha peasi na sukari mawe, wanaweka muziki wa polepole, halafu wanatuambia tutunze mapafu kwa sababu majani yameanza kupukutika. Kusema ukweli sina shida na supu. Ni tamu. Shida yangu ni kwamba kuna neno moja huwa linarukwa kwenye hizo video, na ndilo neno lenye maana kuliko yote: huzuni.

Niliishi Nanjing miaka miwili nikisomea shahada ya uzamili. Mambo ya mapafu na majira nimeyaona yakiishiwa na watu wa kawaida, wauza mboga na wazee wa bustanini, si kwenye video tu. Kwa hivyo hebu leo tuongee hii stori vizuri.

Tuanze na kalenda. Wachina wa zamani waligawanya mwaka katika vipindi 24 kwa kufuata jua, na mpaka leo watu wanavijua. Majira ya kupukutika majani yanaanza na Liqiu, tarehe 7 au 8 Agosti, wakati joto la Nanjing bado linakuchoma mpaka unataka kulia. Katikati kuna siku ambayo usiku na mchana hulingana, mwisho wa Septemba. Kisha karibu tarehe 23 Oktoba inakuja Shuangjiang, kipindi cha umande kuganda. Novemba ikifika tarehe 7 au 8, basi, msimu wa baridi umeingia. Kalenda hiyo ilitiwa kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu mwaka wa 2016, lakini mama mboga wa pale karibu na hosteli yetu hakuhitaji UNESCO. Yeye alikuwa anakuambia tu, "Leo ni siku fulani, nunua hiki, wacha kile."

Sasa tiba yao ya jadi imepanga kila kitu juu ya kalenda hiyo. Kuna mambo matano: mti, moto, udongo, metali na maji. Kila moja lina majira yake, kiungo chake cha mwili na hisia yake. Msimu wa machipuko ni wa mti, ini na hasira. Kiangazi ni cha moto, moyo na furaha. Msimu wa baridi ni wa maji, figo na woga. Udongo umepewa wengu na mawazo mengi yasiyoisha. Na majira ya majani kupukutika? Metali, mapafu na huzuni. Rangi yake ni nyeupe, adui yake ni ukavu. Ndiyo maana wanakula vyakula vyeupe na vyenye maji: peasi, mzizi wa yungiyungi wa majini, ule uyoga mweupe laini kama sponji, na asali juu yake.

Hata maandishi yao yanalijua hilo. Neno chou, maana yake majonzi, linaandikwa kwa kuweka alama ya majira haya juu ya alama ya moyo. Yaani huwezi kuandika huzuni hiyo bila kuandika msimu. Nilipofundishwa hilo darasani nilinyamaza kidogo, kwa sababu wakati huo nilikuwa na yangu.

Ilikuwa Oktoba 2023. Shosho wangu alifariki Murang'a. Mathe alinipigia kwa WeChat saa ya kwetu usiku, kwangu tayari kulikuwa kumepambazuka, na kabla hajasema chochote nilijua. Nauli haikuwepo, mitihani ilikuwa inakaribia, na kwa hivyo mazishi niliyatazama kwa simu, mtandao ukikatika kila dakika mbili. Waliposhusha jeneza ilikuwa saa saba mchana kule. Kwangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni na giza limeshaingia. Niliona udongo wetu mwekundu ukimwagwa, nikasikia wimbo, halafu picha ikaganda kwenye koti la mjomba.

Kuna kitu kilinichanganya zaidi. Kamusi zingine zinatafsiri majira haya kuwa vuli. Lakini vuli kwetu ni mvua! Mwezi wa kumi Murang'a ni wakati wa kupanda. Siku ile Shosho anazikwa, majirani walikuwa wameacha jembe shambani, mbegu za maharagwe zikiwa nusu gunia kwenye veranda yake. Nyumbani kila kitu kilikuwa kinaota, na mimi nilikuwa mahali ambapo kila kitu kinaanguka. Ile barabara yenye miti mikubwa ya mkuyu-ulaya pale Nanjing inamwaga majani mpaka wafagiaji wanachoka. Na jua linakimbia. Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hata hufikirii juu yake. Nanjing mwezi wa sita linazama baada ya saa moja jioni, lakini mwisho wa Novemba, saa kumi na moja, limeenda.

Jumatatu iliyofuata mazishi ilikuwa Chongyang, siku ya tisa ya mwezi wa tisa katika kalenda yao ya mwezi. Watu hupanda mlima, hunywa chai au pombe ya krisanthemamu, na siku hizi pia ni siku ya kuwaheshimu wazee. Mabasi ya kuelekea Zijinshan yalikuwa yamejaa wazee wenye kofia na chupa za chai. Mlima wenyewe hauna hata mita 500, lakini wanaupanda kama wanaenda Kirinyaga. Nilikaa dirishani kwa basi nikiwaangalia wajukuu wakiwashika mikono. Sitasema zaidi hapo.

Wakenya wenzangu pale chuoni walikuwa watu wazuri. Waliniletea chakula, walinichangia kitu kidogo nikatuma nyumbani. Lakini maneno tuliyonayo ya kumpa kijana aliyefiwa ni machache sana. "Jikaze kisabuni." "Kuwa mwanaume." "Ni mapenzi ya Mungu." Halafu baada ya wiki moja, kimya, kila mtu anatarajia umerudi sawa. Mimi nilirudi darasani, nikafanya mitihani, nikapita. Na nikaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, bila homa, bila mafua, wiki mbili mfululizo.

Mwenzangu wa chumbani, Mchina wa Anhui, ndiye aliyenipeleka kliniki ya tiba ya jadi. Daktari alikuwa mama mzee mwenye miwani. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akakaa kimya karibu dakika nzima, akahamia wa kulia. Akaangalia ulimi. Akauliza kama ninalala, kama ninaota, kama tumbo linafanya kazi. Kisha akaondoa miwani akaniuliza, "Kijana, kule nyumbani kuna nini?"

Nikamwambia. Kwa Kichina changu cha kuvunjika nilimwambia yote, mpaka maharagwe.

Hakuniambia nijikaze. Aliniambia mapafu yamekauka, na kwamba huu ndio wakati wake, hata kwa watu ambao hawajafiwa. Nisijilazimishe kucheka. Nilale mapema, niamke na jogoo, nitembee juani asubuhi, nile kitu cha moto chenye maji. Kama ikifika katikati ya msimu wa baridi na bado ninajisikia vilevile, nirudi, na atanielekeza kwa daktari wa hospitali kubwa. Dawa za mitishamba hakunipa hata kidogo. Mawaidha yale ya kulala na kuamka ni ya kale: yamo kwenye Huangdi Neijing, kitabu chao kikuu cha tiba, kilichokusanywa kama miaka 2,000 iliyopita.

Sasa kabla hujaniambia nimeuziwa mbuzi kwa gunia, ngoja. Sisemi kwamba sayansi imethibitisha huzuni inakaa kwenye mapafu. Haijathibitisha. Hata wao wakisema mapafu, hawamaanishi tu kile kiungo unachokiona kwenye eksirei. Wanamaanisha mfumo mzima wa pumzi, ngozi, pua na hata utumbo mpana. Lakini kwamba majira hubadilisha hisia, hilo si hadithi ya bibi. Mwaka wa 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani walieleza kitaalamu sonona inayokuja giza la majira linapoongezeka na kuondoka mwanga ukirudi, na mwanga mkali wa asubuhi ni mojawapo ya tiba zake mpaka leo. Soma tena ushauri wa yule mama: amka mapema, tembea juani.

Na tujifunze pia kutoka kwa Tu Youyou. Huyu mama Mchina alisoma vitabu vya kale vya tiba, akapata mmea unaotibu homa, akauchambua kwenye maabara mpaka ikapatikana dawa ya artemisinini, na mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ukipata malaria Kisumu au Kilifi leo, vidonge unavyopewa vina ndugu wa dawa hiyo ndani. Kitabu cha kale kilimwonyesha mahali pa kutafuta, halafu akapima. Zingatia hilo la kupima, kwa sababu kuna mitishamba mingine ya Kichina iliyogunduliwa kuharibu figo kabisa. Peasi haina neno. Unga wa kuagizia mtandaoni kutoka kwa mtu usiyemjua, achana nao.

Kile nilichotaka kukuambia hasa ni hiki. Kule Nanjing huzuni ilikuwa na tarehe. Watu waliitarajia, wakaipikia, wakaitembeza mlimani. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa naungana na wazee bustanini kufanya baduanjin, yale mazoezi ya mikao minane. Mkao wa kwanza unainua mikono yote miwili kana kwamba unabeba anga, na kifua kinafunguka chote. Hakuna aliyeniuliza kwa nini wakati mwingine machozi yalikuwa yanatoka. Mzee mmoja alikuwa ananipa tishu tu, anaendelea kuhesabu.

Ile tiba yao ina wazo lingine pia, kwamba moto hushinda metali, yaani furaha hushinda huzuni. Nilipolisikia nilikumbuka matanga ya kwetu. Jioni zile za kuketi kwa viti vya plastiki, chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, mtu anasimulia vile marehemu alimfukuza na mwiko, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hatukuwahi kuiita tiba, lakini ilikuwa inafanya kazi ya tiba. Mimi niliikosa, na mwili wangu ulijua nimeikosa. Tatizo ni kwamba kwetu ule ruhusa unaisha siku ya mazishi, hema likishakunjwa. Tunaomboleza vizuri sana kwa wiki moja, halafu tunataka mtu awe chuma.

Kwa hivyo kama uko China, Kanada, Ujerumani, popote majani yanapodondoka, na hii ni mara yako ya kwanza, nikuambie mapema: itakupata. Huenda hujafiwa na mtu. Utajikuta tu mwezi wa kumi na moja jioni unatamani ugali na hujui unalia nini. Usishtuke. Toka nje asubuhi jua likiwa bado lipo. Lala. Kula kitu cha moto. Pigia watu wanaokuchekesha, na uwaambie ukweli kabla ya kuanza mzaha. Lakini ikipita wiki mbili na kila siku, kutwa nzima, huna hamu ya chochote, hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, hiyo peasi haitoshi. Nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, na uende na mtu.

Na kama uko nyumbani na una mtu aliye huko, usimtumie "jikaze". Mpigie umuulize lile swali la yule mama mwenye miwani. Kisha nyamaza umsikilize, hata kama mtandao unakatika.

Kikohozi changu kiliisha karibu na mwisho wa Novemba. Sijui kama ni peasi, jua, au kule kusema. Yale maharagwe yalipandwa na shangazi baada ya wiki moja, na alinitumia picha yalipochipuka. Niambie, wewe uliye mbali, huwa unafanya nini msimu huo ukiingia?