Hola: Riziki Inayokuja Nyuma ya Mafuriko



Atokaye Malindi kwenda Hola hupita Garsen, kisha huelekea kaskazini akiuacha Mto Tana upande wake wa kulia. Njia nzima ni mchanga na vichaka vya miiba. Kwa mbali tu huonekana ukanda wa kijani, miembe na migomba, nao humjulisha msafiri mahali mto ulipo.

Ajabu ya Hola ni kwamba mji huweza kuzungukwa na maji siku ambazo juu yake hakuna hata wingu. Mvua huwa imenyesha mbali, kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kufurika, maji huteremka mpaka kwetu, kisha huendelea hadi baharini Kipini. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliziondoa familia nyingi za kaunti hii majumbani mwao na kuzamisha mashamba. Allah awalipe kheri waliosubiri.

Lakini maji hayohayo huacha riziki nyuma yake. Mto ukipanda, kambare hutoka mkondoni na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Huko hutaga mayai, na vifaranga hupata chakula na maficho. Maji yakipungua, wengine hurudi mtoni kwa vijito, na wengine hubaki kwenye madimbwi. Hapo ndipo wavuvi wa Kipokomo hutoka na mitumbwi, ndoana na migono. Wanawake hupasua samaki, huwatia chumvi na kuwabanika kwa moshi, wakauza sokoni. Kwa nyumba iliyopoteza mahindi yake, kambare huyo ndiye kitoweo cha sima, na ndiye daftari la mtoto wa shule.

Baadhi ya akina mama huuliza iwapo kambare ni halali, kwa kuwa hana magamba. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, samaki ni halali, awe na magamba au asiwe nayo, wala hahitaji kuchinjwa. Na samaki wa mtoni hana mwenyewe mpaka avuliwe; kwa hiyo haifai kumuuza angali majini, kwani mnunuzi hajui anunuacho.

Lipo jambo jingine linalohitaji nasaha. Vyandarua tulivyopewa kujikinga na mbu wa malaria huonekana vimetandazwa mtoni. Tundu zake ni ndogo mno, hata kifaranga hapenyi. Hapa yafaa tutofautishe mahali na mahali. Dimbwi lililokatika na mto litakauka, na samaki waliomo watakufa. Kuwavua ni kuokoa riziki isipotee. Ama kijito ambacho bado kinarudi mtoni, kukiziba kwa chandarua ni kuwazuia wadogo wasifike kule wanakokwenda kukua. Anayefanya hivyo leo anachukua konzi ya vifaranga, na kesho anamnyima jirani, na watoto wake mwenyewe, kapu zima. Tena mtoto aliyelala bila chandarua msimu wa mbu, hasa baada ya maji kutuama, homa yake itagharimu zaidi ya bei ya samaki hao.

Basi enyi akina mama, nyinyi ndio mnaopokea samaki mlangoni. Mkiletewa vifaranga, ulizeni vimetoka wapi. Chandarua kirudisheni kitandani. Wala msiwatume watoto ukingoni peke yao, kwani maji yanapopanda mamba naye husogea karibu na makazi.

Tunamwomba Allah atujaalie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, awahifadhi wavuvi wetu, na abariki kilichomo vyunguni mwetu. Amin.