Picha Ukutani, Sura Mfukoni

Wakenya walioanza kushika pesa baada ya 2019 wamezoea noti zisizo na sura ya mtawala, na wengi wao hudhani kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu hapo, wala hawashangai kuona kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kikikataza noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Wangeshangaa kidogo ingewafaa, kwa sababu taifa haliandiki katazo la namna hiyo katika sheria yake kuu ila kwa jambo lililokwisha kulichosha.

Noti za kwanza za shilingi ya Kenya, za 1966, zilikuwa na sura ya Jomo Kenyatta, na kuanzia 1980 zikachukua sura ya Daniel arap Moi. Lakini mahali ambapo sura hiyo ilionekana kwa ukamilifu wake palikuwa dukani. Katika duka la rejareja la miaka ya 1980, nyuma ya wavu wa chuma uliomtenga muuzaji na mnunuzi, picha rasmi ya Rais ilitundikwa juu kuliko bidhaa zote, chini yake ikakaa leseni ya biashara, na pembeni kibao kilichowakumbusha wateja kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mafuta ya taa yalichotwa kwa kikopo na kumiminwa chupani kwa faneli, na harufu yake ilipenya kila kitu, hata majani ya chai yaliyofungwa kwa karatasi na sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Mwenye duka mwangalifu aliweza kuacha vumbi likae juu ya makopo wiki nzima, lakini kioo cha picha alikipangusa, maana chifu akipita aliinua macho kwanza ukutani ndipo akasalimia. Hakuna aliyeuliza ni sheria ipi iliyoamuru hivyo, kwa kuwa desturi ikishatiwa hofu haihitaji tena kuandikwa.

Saa saba mchana redio iliongezwa sauti na mizani ikatulia. Taarifa ya habari ilifunguliwa kwa shughuli za Mtukufu Rais, na ni katika taarifa hiyo ambapo waziri aliweza kusikia, pamoja na wauza nyanya, kwamba amefutwa kazi. Hata maziwa waliyogawiwa watoto shuleni yaliitwa maziwa ya Nyayo, yaani ya yule aliyejitangaza kufuata nyayo za mtangulizi wake, ingawa yalilipiwa kwa kodi, na mwenye duka alikuwa mmoja wa walipaji.

Kinyume cha hali hiyo ni serikali yenye mipaka, yaani ile ambayo mamlaka ya kila ofisi yamepimwa na sheria, na anayeikalia hawezi kuyaongeza kwa matakwa yake. Mipaka ya Kenya ilianza kung'olewa mapema: serikali za majimbo na Seneti zilizoanzishwa 1963 hazikumaliza muongo mmoja, chama kimoja kikawa sheria 1982, na 1988 majaji wakaondolewa hakikisho la kazi, ambalo ni kinga ya jaji dhidi ya kufukuzwa kwa sababu hukumu yake haikumpendeza mkubwa, kisha wakarudishiwa 1990. Miaka hiyo yafaa kukumbukwa kwa mfuatano wake, ingawa dukani haikusikika kama miaka. Ilisikika kama sauti zilizoshushwa kila mgeni alipoingia.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2002, Moi akaondoka, na watu wakaamini kwamba kumtoa mtu ni kuyatoa mazoea yake. Mwaka uliofuata ikatolewa sarafu ya shilingi 40, na juu yake ilikuwapo sura ya Rais mpya. Kosa halikuwa la mchonga sarafu: wapiga kura walikuwa wamembadilisha mpangaji wa Ikulu, wakaiacha nyumba na funguo zake zote kama zilivyokuwa.

Katiba ya 2010 ilipunguza funguo hizo, na mahakama zimejaribu kuilinda mipaka iliyowekwa, kwani 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuitumia njia ya wananchi kuanzisha marekebisho ya Katiba. Hata hivyo noti za 2019 zilikuja na sanamu ya Jomo Kenyatta mbele ya jumba la mikutano la KICC, ikabidi mahakama iambiwe kwamba hiyo ni mandhari, si picha ya mtu. Wanasiasa nao huchapisha nyuso zao kwenye mifuko ya chakula cha msaada, na wanaokipokea hushukuru uso badala ya hazina.

Dukani leo mafuta ya taa hayapo, na karibu na kaunta imebandikwa namba ya kulipia kwa simu, lakini picha bado iko juu, ikibadilishwa kila baada ya kiapo. Mwenye duka akiulizwa ni sheria gani inayomlazimu hana ya kutaja. Ameona tu kwamba bei ya fremu ni ndogo kuliko usumbufu wa kuulizwa kwa nini hana.