Sababu ya Safari

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 za barabara ya A1, na ukiwa na baiskeli jambo la kwanza kujua si urefu wala joto. Ni upepo. Kwetu Turkana upepo hutoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na ile ya Kenya kama maji kwenye mfereji, na asubuhi ndipo huwa na nguvu zaidi. Wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo wa Turkana. Mhadhiri alipouchora ubaoni tukiwa mwaka wa kwanza, nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Mimi nilikaa wima. Mshale wake ulielekea kaskazini-magharibi. Kakuma iko kaskazini-magharibi ya Lodwar. Kumbe ndiyo maana nikienda nyumbani nasukumwa, na nikirudi chuoni nazabwa makofi ya uso njia nzima.

Nasoma ualimu, Hisabati na Jiografia, mwaka wa tatu. Chumba changu Lodwar kina kitanda, ndoo mbili, meko ya gesi na baiskeli. Mgeni akija, mmoja wao lazima atoke nje, na si baiskeli. Ni ya mtumba, ya chuma, gia kumi na nne. Niliinunua Eldoret baada ya kufundisha tuisheni likizo mbili mfululizo. Saa kumi na moja asubuhi nimeshatoka, navuka daraja la Turkwel kabla watu hawajaanza kuchota maji, naenda hadi saa ya simu iniambie nigeuze. Kufikia saa mbili jua limeshaingia kazini, na mchana kipimo kikipita nyuzi 35 hakuna Mlodwar anayeshangaa. Naingia darasani na jasho. Wenzangu wamezoea. Mmoja ananiita Tour de Lodwar.

Wasiozoea ni watu wa boda stejini. "Kwani pikipiki imeibiwa?" Nikisema napenda tu kuendesha, wanacheka zaidi. Kwao baiskeli ni kitu cha kupitia ukielekea pikipiki, kama nyumba ya nyasi ukielekea mabati. Mtu aliyefika chuo kikuu halafu anarudi kwenye pedeli ana kitu kichwani. Siwalaumu. Ukiangalia vizuri, hapa Turkana wanaoendesha baiskeli kila siku, tena kwa wingi, hawako Lodwar. Wako kambini Kakuma.

Na huko ndiko nilikompata Fundi, kwa sababu ya mathenge. Kama hujawahi kufika kwetu: mathenge ni mti wa miiba ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa. Jangwa liko palepale, na mathenge nayo imejaa kila bonde. Mwiba wake mkavu unapita tairi, unapita tyubu, ukiwa na bahati mbaya unapita na soli ya kiatu. Likizo yangu ya kwanza nilipata pancha tatu kwa siku moja, solusheni ikaniishia, mtu akanielekeza: nenda Kakuma 1, karibu na soko la Waethiopia, uliza Fundi. Banda la mabati, turubai mbele, beseni la maji ya kutafutia matundu. Aliniangalia, akaangalia tairi.

"Ndugu yangu, kinga yako iko na shida gani?"

Nilidhani ananiuliza habari za bima. Kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni, kinga ni kile kinachokuzuilia ugonjwa, au mvua. Kwao Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kinga ni baiskeli. Ng'ambo ya mpaka Warundi nao wanasema ikinga. Tulicheka sana siku ile. Tangu hapo hata mimi nasema kinga, na chuoni wananiona nimezidi kuchanganyikiwa.

Fundi alifika Kakuma akiwa na miaka kumi na moja. Sasa tuna umri mmoja. Baiskeli yake ameiunda kutoka kwa nne zilizokufa: fremu ya moja, magurudumu ya mbili tofauti, usukani wa nyingine. Ina gia saba na moja yazo haishiki. Anitie breki nani? Tukitoka pamoja kwenda Kalobeyei, mimi na kumi na nne zangu naona mgongo wake ukiwa mdogo, mdogo, halafu hakuna. Kwenye simu yake ana picha za Biniam Girmay wa Eritrea akiwa na jezi ya kijani ya Tour de France 2024, na za Eyeru Gebru, msichana kutoka Ethiopia aliyeendesha Paris mwaka huohuo akiwa kwenye timu ya Olimpiki ya wakimbizi. Wakimbiaji watano wa timu kama hiyo, Rio 2016, walitoka hapahapa Kakuma. Hilo kila mtoto wa kambini analijua. Lakini wale walikuwa wa mbio za miguu. Kiswahili chenyewe kimempa mkimbizi miguu ya kukimbia. Mwenye baiskeli hakufikiriwa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, Wakongomani wengi sokoni hawakutaka kusikia. Mwaka ule Goma na Bukavu zilikuwa zimeanguka, na kwao Kigali si jina la kushangilia. Fundi alitazama peke yake nyuma ya banda, sauti imezimwa. Kilomita 267 na ushei. Alipenda vile vilima. Alisema vinafanana na vya kwao.

Kambi ilifunguliwa 1992, kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo nimekua nikiiona kama mtaa mwingine wa mji wetu. Mjomba haioni hivyo. Mjomba husema wakimbizi ni sisi, maana wale wana kadi ya chakula na sisi tuna jua. Ana hoja: ukame wa 2020 hadi 2022 ulimmaliza mbuzi. Na mgao ulipopunguzwa 2025, mimi nilidhani atasema afadhali. Hakusema. Alimwuliza Fundi biashara inaendaje. Inaenda vibaya kwa uzuri, Fundi akamjibu: watu hawaleti tena baiskeli kutengeneza, wanazileta kuuza.

Lakini mjomba anaweza kuamka kesho, akapanda matatu hadi Lodwar kuonyesha daktari jicho, bila kumwomba mtu. Fundi hawezi. Mkimbizi anatakiwa kuishi eneo alilopangiwa, akitaka kutoka ana haja ya kibali. Sheria mpya ya wakimbizi ilianza kutumika Februari 2022. Machi 2025 Mpango wa Shirika ukazinduliwa, wa kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida ambamo wenyeji na wakimbizi watatumia huduma moja. Maneno mazuri, na mimi kama mwenyeji nayataka yatimie. Ila kibali bado ni kibali. Na kibali kinataka sababu.

Nilikuwa nimemwambia aje Lodwar. Wazo dogo tu: atoke Kakuma, mimi nitoke Lodwar, tukutane katikati, twende kwangu, alale, kesho arudi. Akanisikiliza akiwa anakaza spoki.

"Na kwenye sababu ya safari, mimi niandike nini?"

Tukaanza kutafuta. Hospitali inaeleweka. Shule inaeleweka. Biashara, ukiwa na karatasi zake. Kwenda kumwona rafiki kwa baiskeli, upepo wa uso, kilomita 120, halafu kurudi? Nani atapiga muhuri hapo? Nikasema tuandike mazoezi. Akasema mazoezi atauliziwa ya nini, na timu ipi. Nikasema tuandike ukweli. Akacheka, akachukua chaki yake ya kuwekea alama matundu, akaandika kwenye tyubu nyeusi, herufi kubwa: KINGA.

"Hii wataielewa," akasema. "Si ndiyo hiyo tulikuja kutafuta?"

Tyubu ile iliuzwa wiki hiyohiyo, na neno lake.

Wazo lililofuata lilikuwa lake. Desemba, siku ninayofunga chuo na kwenda nyumbani, sote tuanze saa kumi alfajiri. Mimi nitoke Lodwar. Yeye atoke bandani kwake hadi Kalobeyei, kule makazi mapya, ageuze, arudi. Kwa hesabu ya simu yangu raundi ni kilomita 20. Mara sita. "Nitakuja Lodwar bila kutoka Kakuma," akasema, kama mtu anayepanga kwenda posho mill.

Kwangu safari ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Nilitoka gizani na taa ya kichwani, chupa tatu za maji, chapati nne. Nikavuka Kawalase, kavu kama kawaida, na kulipopambazuka upepo ulikuwa umeshika mgongo wangu kama mkono wa mzazi. Wazee wanakumbuka barabara hii ikiwa mashimo na mchanga, magari ya mashirika yakienda kwa msafara na askari mbele na nyuma. Sasa ni lami. Unasikia tairi lako mwenyewe. Ngamia wanasimama katikati wakikutazama kwa dharau, unapita pembeni kwa adabu.

Mahali fulani baada ya kilomita sabini mzee mmoja alikuwa chini ya mti na mbuzi wake. Akanyoosha mkono, nikasimama. Kwetu mtu akiuliza maji husemi huna wakati chupa inaonekana. Nikampa moja nzima. Akanywa taratibu, akaikagua baiskeli kutoka mbele hadi nyuma, akaniuliza kwa Kiturkana: "Unafukuzwa na nani?"

Nikamwambia hakuna, mzee, naendesha tu.

Akafikiri. "Basi punguza."

Nilifika Kakuma saa nne na dakika kumi. Sikwenda kwa mama kwanza, na hilo nililisikia jioni. Nilikwenda bandani. Limefungwa. Kwenye benchi mawe matano yamepangwa mstari, na watoto watatu wakiyalinda, wananiambia bado moja, Fundi ameenda ya mwisho sasa hivi. Nikageuza baiskeli na miguu yangu ya kilomita 120 nikamfuata.

Nilimkuta kwenye sehemu yake ya kugeuzia. Palikuwa na bao la mradi na mti mmoja, na mchangani alama za tairi lake zimejikunja, duara juu ya duara, sita zote mahali pamoja. Amekaa chini anaziba pancha. Ya nne, akasema, mathenge. Ndipo hesabu ikanijia, na ninajiita mwanafunzi wa hisabati: mimi nilisukumwa na upepo njia yote. Yeye kila raundi alisukumwa kilomita 10 na kupigwa kilomita 10. Sitini za uso. Na hakuwa na ngamia wala mzee wa kumwambia apunguze. Alikuwa na vibanda vilevile, mabomba ya maji yaleyale, foleni zilezile, mara sita kwenda na mara sita kurudi. Tulirudi pamoja polepole. Watoto waliweka jawe la sita, mmoja akadai soda.

Jioni, nilipomaliza kugombezwa nyumbani, nilirudi kwake na uji kutoka kwa mama. Akasogeza beseni, akaketi.

"Sasa nihadithie barabara."

Aliipita mara moja tu, akija. Basi lilikuwa la usiku, na yeye alikuwa amelala magotini pa mama yake. Hajawahi kuiona. Nikaanza Lodwar: sanamu ya Kristo kilimani, inabaki nyuma yako, Kawalase, halafu uwanda. Hakutaka mandhari. Alitaka kujua mwinuko. Lodwar iko chini, nikamwambia, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Kakuma juu yake kidogo, kwa hiyo unapanda bila kujua. Gia gani pale? Lami ina changarawe pembeni au iko safi? Makutano ya kwenda Lokitaung pana kivuli? Maji wapi, na bei? Alikuwa akichora na chaki sakafuni, mstari mrefu wenye vijiti, kila kijiti kilomita kumi. Nikafika kwenye mzee wa mbuzi. Akaniuliza niliacha chupa ngapi, akaandika: chupa nne, si tatu.

Nikafika Kakuma. Akautazama mstari.

"Haya, igeuze."

"Nigeuze nini?"

"Barabara. Mimi sitatoka Lodwar. Nitatoka hapa, na upepo usoni. Anza hapa."

Nikafuta na kiganja, nikaanza upya na Mto Tarach.

"Huo naujua," akasema. "Anzia pale nisipopajua."