Njia ya Kaloleni na Daraja la Nyali

Msafiri atokaye Kaloleni kwa njia ya Mavueni huacha vilima vya minazi na miembe, akashuka polepole mpaka barabara kuu ya pwani. Hapo njia hugawanyika. Akishika kushoto, mara hulifikia daraja la Kilifi, ambalo tangu mwaka 1991 limewaondolea watu taabu ya kungojea pantoni. Akishika kulia, hupita Mtwapa, kisha hufika Nyali, mlango wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa. Nazi na maembe yachukuliwayo kwa njia hii hayana budi kuvuka maji ndipo yafike katika masoko ya kisiwani.

Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931. Halikuwa na nguzo baharini, bali lililala juu ya vyombo vya chuma vyenye kuelea. Maji yalipojaa lilipanda, na yalipokupwa lilishuka. Siku za bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Basi gari lenye shehena lilikuta mteremko mkali mahali pa kuingilia darajani. Waliovuka walilipa ushuru. Daraja la namna hiyo lina faida, kwa kuwa halihitaji msingi katika kilindi. Lakini maji ya chumvi hula chuma, na magari yalizidi kwa wingi na kwa uzito. Kwa hiyo lilijengwa daraja jipya la zege, lililofunguliwa mwaka 1980.

Huenda msomaji akauliza: nguzo husimamishwaje mahali ambapo mtu hawezi kukanyaga? Kwanza mafundi hutoboa chini ya bahari na kupima tope, mchanga na mwamba. Kisha hujenga jukwaa la chuma juu ya maji, lenye nguvu ya kubeba winchi na mitambo. Jukwaa hilo ni kama boriti anazofunga mwashi ukutani apate pa kusimama. Nyumba ikiisha, huondolewa.

Juu ya jukwaa ndipo nguzo za msingi hupigiliwa. Nyundo nzito huinuliwa na kuangushwa juu ya kichwa cha nguzo, na msimamizi huhesabu mapigo. Mwanzoni nguzo huzama upesi, kama kigingi katika udongo wa mvua. Baadaye mapigo mengi huishusha kidogo tu, na hiyo ndiyo dalili kwamba imefika penye nguvu. Palipo na mwamba, hutobolewa shimo ndani ya bomba la chuma, vikatiwa vyuma vilivyosukwa, na zege ikashushwa kwa mrija ufikao chini kabisa. Mdomo wa mrija hukaa ndani ya zege wakati wote, ili zege isukume maji juu wala isichanganyike nayo.

Nguzo zikiisha kufungwa pamoja kwa kofia ya zege, mhimili hupanda juu yake. Katika daraja kubwa la zege, aghalabu njia hujengwa kipande kwa kipande kutoka mhimili huo, huku na huku kwa kadiri moja. Mfano wake ni mtu abebaye mzega: mzigo wa mbele ukizidi ule wa nyuma, hana salama. Kwa sababu hiyo daraja huwa dhaifu kuliko wakati wowote kabla halijaungana. Mwezi wa Juni mwaka 2017, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, huko Budalangi, liliporomoka lilipokuwa likijengwa, na wafanyakazi wakaumia. Basi haifai kuwadharau mafundi wanaorudia vipimo vyao, wala kuwaharakisha kwa sababu siku ya sherehe imekaribia.

Mkulima wa Kaloleni avukaye Nyali leo haoni jukwaa, kwa maana kazi ilipokwisha halikuhitajika tena. Wala haoni msingi, maana maji yameufunika. Huona lami na magari tu. Lakini kila gunia analolivusha salama hubebwa na kazi iliyofanywa polepole chini ya maji, na watu ambao majina yao hayajulikani kwa wapitao juu.