Mwalimu wa Mpira na Mizani ya Msimu

Katika lugha yetu kocha wa mpira huitwa pia mwalimu. Vijana wa vijiweni Kirumba husema "mwalimu kakosea kupanga kikosi" bila kukumbuka kwamba neno hilo limetoka darasani. Mimi niliyeitwa kwa jina hilo zaidi ya miaka 30 hulisikia kwa sikio jingine, hasa ligi inapokwisha na kila mtu akaanza kuwapima walimu hao kwa mafanikio ya msimu uliopita.

Tutazame Yanga. Miguel Gamondi, raia wa Ajentina, aliipa ubingwa wa 2023/24 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, alifungashiwa virago. Akaja Sead Ramović, naye akaondoka mapema mwaka 2025. Miloud Hamdi akaimalizia safari, na Yanga ikawa bingwa tena. Ubingwa huo wa 2024/25 tuuandike kwa jina la nani? Na ule wa Gamondi, je, hauna deni kwa Nasreddine Nabi, aliyemwachia kikosi kilichocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023?

Hapa kwetu Mwanza, Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20. Mwalimu aliyeipandisha hakuianza nayo ligi hiyo. Akaletwa Mserbia Goran Kopunović, ambaye Oktoba alikuwa ameshaondoka. Fred Felix Minziro akaipokea ikiwa haijui ladha ya ushindi, nayo ikabaki Ligi Kuu. Minziro hakuinua kombe lolote. Lakini waliokuwa CCM Kirumba msimu ule wanajua uzito wa neno "kubaki".

Nami niliwahi kupimwa hivyo. Shule moja ilinipa mikondo miwili ya kidato cha nne katika mwaka mmoja: mmoja wa wanafunzi waliochaguliwa kwa alama, mwingine wa waliosalia, baadhi yao wakisoma aya kwa kuunganisha silabi. Mwalimu mmoja, chaki ile ile, ushairi ule ule. Matokeo yalipotoka, nilisifiwa kwa mkondo wa kwanza na kuhojiwa kwa wa pili. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kijana aliyeingia hawezi kusoma akatoka na D yake halali. Kwangu, D ile ilikuwa na jasho kuliko B zote za mkondo wa kwanza.

Ndiyo maana Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, nilifurahi. Orodha ile ilisema nani kafika mbele. Haikusema nani kaanzia wapi.

Lugha yenyewe inatuonya. Msimu, kabla ya kuwa wa ligi, ulikuwa wa pepo: kaskazi na kusi, zilizosukuma majahazi ya pwani. Nahodha aliyefika upesi kwa upepo wa omo na aliyefika upesi kwa upepo wa tezi hawakufanya kazi sawa. Na wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili: karabai huvuta samaki usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavu hurudi mwepesi. Anayewahesabia ndoo bila kutazama mwezi huwaonea.

Sisemi matokeo yasitazamwe. Mwalimu anayekwepa matokeo hujificha nyuma ya maneno, na klabu haiwezi kulipa mishahara kwa nia njema. Ninachodai ni kwamba kuhesabu si kupima. Mizani ina vitanga viwili: kimoja huwekwa alichokiacha mwalimu, cha pili alichokikuta. Sisi mashabiki, wakaguzi na wazazi tumezoea kupakia kimoja tu, kisha tunashangaa kwa nini mizani inalala upande.

Malenga wenzangu, mara nyingine mtakapomsikia mtu akimwita kocha mwalimu, msimsahihishe. Mwulizeni tu: alikuta nini?